Jinsi ya kupima kanuni ya sarufi ya Kiingereza kabla ya kuitii

Ninaishi kwa kuhariri matini za Kiingereza, na mabishano mengi yanayofika mezani kwangu si juu ya makosa bali ni juu ya kanuni. Mwandishi kaandika sentensi inayoeleweka bila shida, mkubwa wake kaipiga mstari mwekundu, kisha wote wawili wananigeukia niamue. Huwa sijibu papo hapo. Naipitisha kanuni hiyo kwenye hatua zifuatazo, na wewe unaweza kufanya hivyo ukiwa na intaneti na subira kidogo.

Hatua ya 1: Itake kanuni itamkwe

Anayekuambia "hii si sarufi nzuri" mwombe aitaje kanuni yenyewe kwa sentensi moja. Wengi hukwama hapa. Nimekuta "There were many problems" imefutwa kwa madai kwamba ni kauli ya kutendwa. Hakuna kutendwa hapo. Kuna "were" tu, na msahihishaji amezoea kushtuka akiiona. Kanuni isiyotamkika, au isiyoihusu sentensi iliyopo, iweke pembeni uendelee na kazi.

Hatua ya 2: Jua ni kanuni ya aina gani

Ziko kanuni ambazo hakuna mzawa wa lugha anayezivunja. Mwingereza atasema "a big red ball" maisha yake yote wala hatasema "a red big ball" labda awe na sababu maalumu, na shuleni hakufundishwa hilo. Hiyo ndiyo sarufi hasa. Haina mabishano, ndiyo maana haikuletwa kwako.

Ziko zinazotenganisha Kiingereza sanifu na lahaja. "I didn't see nothing" ina ukanushi mara mbili. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alikanusha hivyo, Shakespeare pia, na lahaja nyingi za Uingereza na Marekani zinaendelea hivyo hadi leo. Hakuna anayeisikia akadhani msemaji aliona kitu. Hoja kwamba hasi mbili hufutana kama kwenye hesabu ilipata nguvu kupitia kitabu cha sarufi cha Robert Lowth, askofu wa Kiingereza wa karne ya 18, na kwa kweli haielezi jinsi watu wanavyoelewana. Hata hivyo, kwenye ripoti irekebishe, kwa sababu maandishi sanifu ya leo hayana umbo hilo na msomaji atakwazika. Sababu hiyo inatosha, huna haja ya kuitafutia hesabu.

Fungu la tatu ni ushirikina: kanuni zinazovunjwa kila siku na waandishi bora wa Kiingereza sanifu chenyewe. Hatua zinazofuata ni kwa ajili ya hizi.

Hatua ya 3: Mtafute aliyeianzisha

Kanuni ya kutomaliza sentensi kwa kihusishi (maneno kama "to", "with" na "from") ina historia ya kuchekesha. Mnamo 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekuwa ameshafariki miaka mingi, kwa kumalizia sentensi namna hiyo. Baadaye Dryden alirudi kwenye maandishi yake mwenyewe akavihamisha vihusishi vya mwisho. Lowth naye hakupiga marufuku. Alisema tu kwamba matumizi hayo yanafaa mazungumzo na uandishi wa kawaida, na kwamba mtindo mzito unapendeza zaidi kihusishi kikitangulia. Tena alisema hivyo katika sentensi iliyoishia na kihusishi: lugha yetu, aliandika, "is strongly inclined to". Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, alipoichukua hoja hiyo kwenye sarufi yake ya 1795, aliipanga upya sentensi ya Lowth ili "to" isibaki mkiani. Vitabu vya Murray vilienea mashuleni pande zote za Atlantiki, na pendekezo likageuka amri. Kufikia 1926, H. W. Fowler, mtunzi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, alikuwa ameshaiita kanuni hiyo ushirikina unaoenziwa.

Ukiona mnyororo wa namna hii, mtu mmoja kupendelea, wa pili kukaza, wa tatu kukaririsha watoto, basi unachokishika mkononi ni ladha ya mtu.

Hatua ya 4: Itii kanuni uone kinachotokea

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Chukua katazo la kuingiza kielezi kati ya "to" na kitenzi. Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, aliandika mwaka 1864 kwamba wazungumzaji wa Kiingereza hawafanyi hivyo kabisa. Kumbe mifano ipo tangu karne ya 14. Lakini tuache historia, tujaribu sentensi:

"The team failed to fully understand the risk."

Sogeza kielezi mbele: "The team failed fully to understand the risk." Sasa msomaji anasita: walishindwa kabisa, au walielewa nusu? Maana imeyumba. Kipeleke nyuma: "failed to understand fully the risk". Maana imerudi, ila kitenzi kimetenganishwa na yambwa yake na sentensi inachechemea. Kisukume mwisho kabisa: "failed to understand the risk fully". Hii inapita, ingawa sentensi ikiwa ndefu kielezi kitakuwa mbali mno na kitenzi chake. Ile ya kwanza, iliyokatazwa, ndiyo iliyo wazi kuliko zote.

Kisha jaribu hii: "We expect sales to more than double." Hamisha "more than" utakavyo, hutapata pa kuiweka. Ikiwa kanuni inamlazimu mwandishi aivunje sentensi nzima ili kuiridhisha, mimi siisimamii.

Hali ni hiyo hiyo kwa "less" na "fewer". Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, alieleza mwaka 1770 kwamba yeye anaona "fewer" inafaa zaidi kwa vinavyohesabika. Sawa. Lakini hata wakali wa kanuni hii huandika "less than 50 dollars" na "less than two weeks", ingawa dola na wiki zinahesabika. Kiasi kikichukuliwa kama kitu kimoja, "less" hurudi yenyewe.

Hatua ya 5: Tazama watu wanavyoandika

Fungua Google Books Ngram Viewer, zana ya mtandaoni inayoonyesha maneno yanavyotumika vitabuni mwaka hadi mwaka, andika "different from, different than, different to" ukitenganisha kwa koma, kisha linganisha Kiingereza cha Marekani na cha Uingereza. "From" inaongoza kote. "Than" ina nguvu zaidi Marekani, "to" Uingereza. Usishangilie mapema, maana "it looks different to me" nayo inahesabiwa humo, na "to" hiyo ina kazi nyingine. Pia vitabu vimeshapita kwa wahariri, kwa hiyo vinaonyesha tulichoruhusu sisi. Kwa mazungumzo tumia kopasi, yaani hazina ya matini inayoweza kutafutwa kwa kompyuta, kama COCA, yenye maneno zaidi ya bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani na sehemu ya vipindi vya redio na televisheni, au British National Corpus, yenye milioni 100 ambazo takriban milioni 10 ni za mazungumzo. Soma angalau mistari kadhaa iliyopatikana. Idadi peke yake hudanganya.

Hatua ya 6: Mtazame msomaji, kisha uamue

Ushirikina ukiwa ni wa mtahini, utii. Mtihani si mahali pa kumfundisha historia ya Lowth. Ila mara nyingi kuna njia ya kuepuka ugomvi wote. "Each applicant must submit their form" ni Kiingereza cha kale na cha leo, na mwongozo wa uandishi wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, uliikubali "they" ya umoja, kwa masharti, mwaka 2017. Kama mteja bado inamkera, andika "Applicants must submit their forms" na hakuna atakayegundua kwamba palikuwa na vita.

Kuhusu "whom", ninaibakiza baada ya kihusishi, kama "to whom", na kwingine naacha "who" isipokuwa kwenye barua rasmi sana. Uamuzi kama huu uandike kwenye karatasi ya mtindo ya kazi hiyo, yaani orodha ya maamuzi ya uhariri, pamoja na tarehe na sababu ya mstari mmoja. Mkubwa akirudi na kalamu nyekundu mwezi ujao, mpelekee karatasi.