Namna ya kujiandaa kwa uzamili wa tiba jumuishi

Mimi ni muuguzi. Nilipoamua kusoma uzamili wa tiba jumuishi nilikimbilia kutafuta chuo, nikapoteza muda mwingi. Leo ningefuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tenganisha maneno. Tiba mbadala huchukua nafasi ya tiba ya hospitali. Tiba saidizi huenda sambamba nayo. Tiba jumuishi huziunganisha katika mpango mmoja wa matibabu, wahudumu wote wakijua mgonjwa anapewa nini.

Hatua ya 2: Ulizia leseni kabla ya ada. Shahada ya utafiti au sera haikuruhusu kumchoma mtu sindano za akupancha, yaani tiba ya asili ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini. Ruhusa hutolewa na chombo kinachosimamia taaluma mahali utakapofanyia kazi, kwa hiyo waulize wao wenyewe.

Hatua ya 3: Soma mtaala. Tafuta takwimu, mbinu za utafiti, na mwingiliano wa dawa na mitishamba. Kozi isiyo na hili la mwisho, achana nayo. Mmea uitwao Hypericum perforatum, unaotumiwa kwa sonona, huchochea ini kuvunjavunja dawa haraka: warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupungua nguvu, vidonge vya uzazi wa mpango vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za VVU pia.

Hatua ya 4: Anzia kwa wagonjwa. Kila nilipouliza, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" nilijibiwa hapana. Siku moja nikamuuliza mama mmoja, "Na nyumbani, unakunywa nini kujisaidia?" Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha majani makavu kilichofungwa kwa uzi. Kwake yale hayakuwa dawa, ndiyo maana hakuwahi kuyataja. Mada ya tasnifu yangu niliipata pale.

Hatua ya 5: Punguza upana wa swali lako la utafiti. Andika: wagonjwa gani, tiba ipi, ikilinganishwa na nini, matokeo yatapimwaje, baada ya muda gani. Wengi hukwama kwenye ulinganisho. Katika akupancha, kwa mfano, kuna sindano bandia ya kulinganishia ambayo ncha yake hurudi ndani bila kupenya ngozi, ila hata mguso wake unaweza kuathiri mwili. Eleza utalikabili vipi hilo.

Hatua ya 6: Tafuta msimamizi. Mtumie ukurasa mmoja tu wenye swali lako, na umuulize kama yuko tayari kulisimamia. Akikubali, ndipo ujaze fomu ya chuo chake.