Bastola ndogo ya kubeba kila siku Marekani: anza na karatasi zako, ukubwa baadaye

Wengi wanaohamia Marekani na kutaka kubeba bastola huanza kwa kuuliza: nichukue Glock 19 au SIG P365? Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: uliingia nchini kwa viza gani, na leo hadhi yako ya uhamiaji ni ipi?

Kama uko kwa viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, J-1 ya programu za kubadilishana, H-1B ya kazi au B-2 ya matembezi, sheria ya shirikisho, 18 U.S.C. 922(g)(5), inakukataza kuwa na silaha ya moto au risasi. Haizungumzii kununua peke yake. Inazungumzia kuwa nayo mkononi. Kukodi bastola dakika kumi kwenye uwanja wa shabaha na wenzako wa ofisini, siku ya Jumamosi, kunahesabika. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni inahesabika. Ipo misamaha michache, na unaotajwa zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, lakini usijitafsirie mwenyewe kifungu hicho ukiwa kwenye kochi. Ombi lako la kubadilisha hadhi likiwa bado linashughulikiwa, muulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Muuza bastola si mwanasheria wa uhamiaji.

Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, na raia vilevile. Unakwenda duka lenye leseni katika jimbo unakoishi, unajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia silaha, kama una kadi ya kijani unaandika namba yako ya mgeni, unapitishwa kwenye NICS, mfumo wa shirikisho wa kukagua rekodi za mnunuzi, basi. Kitambulisho kiwe na anwani unayoishi sasa, si ile ya kwa binamu uliyoiacha mwaka juzi. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na inakuonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho.

Sasa mtego wenyewe, na hapa naomba msome polepole. Kaka ana uraia. Mdogo wake yuko chuoni kwa F-1, anaishi mtaa wenye vurugu, mama kule nyumbani hapati usingizi. Kaka anasema, "Nitamchukulia moja kwa jina langu." Ananunua, anajaza fomu, anampelekea. Fomu ile inauliza wazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na jibu la uongo ni kosa la shirikisho. Tangu Juni 2022 kununua silaha kwa niaba ya mtu ambaye haruhusiwi kuwa nayo kuna kifungu chake maalumu, na adhabu yake inafika miaka 15 gerezani. Kumnunulia zawadi mtu anayeruhusiwa kunawezekana. Kwa asiyeruhusiwa, kuiita zawadi hakuoshi kitu. Anayenunua anaingia hatiani, na anayepokea anaingia hatiani.

Yule anayepokea anaingia mara mbili. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni akishatiwa hatiani kwa kosa la kununua, kumiliki, kutumia au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Kifungu hiki kinamgusa hata mwenye kadi ya kijani aliyekaa miaka 20 na ana nyumba na watoto waliozaliwa hapa. Jirani yako Mmarekani akikamatwa na bastola mahali pasiporuhusiwa, pengine atalipa faini, atawekwa chini ya uangalizi, maisha yataendelea. Wewe, kwa kosa lilelile na hakimu yuleyule, unaweza kumaliza adhabu ya mahakama halafu ukapokelewa mlangoni na maofisa wa uhamiaji. Kwa hiyo usikubali kukiri kosa lolote la silaha, hata wakili wa serikali akikuambia ni jambo dogo, kabla mwanasheria wa uhamiaji hajalisoma.

Shangazi zangu na wajomba zangu, tunajua mnampenda mtoto. Lakini ninyi mmetoka nchi ambazo leseni ya silaha ni ya mtu mmoja kwa silaha moja, yenye namba yake, na mwenye kibali hawezi kumwazima hata ndugu wa tumbo moja. Mnalijua hilo. Kinachowapoteza ni duka lenyewe. Huku bastola inakaa kwenye kabati la kioo hatua chache kutoka kwenye nyavu za samaki na viatu vya mvua, na muuzaji anatabasamu. Mmarekani amefanya biashara ya silaha ionekane nyepesi kama ya friji, huku akiificha sheria nzito kwenye maandishi madogo ya fomu. Kwa maoni yangu huo si uhuru kwa mgeni, ni shimo lililofunikwa majani. Narudia: asiye na kadi ya kijani wala uraia asiguse, asikodi, asiwekewe, asitunziwe.

Na hata ndani ya nyumba yako. Mama akija kwa B-2 miezi sita, bastola isikae kwenye droo ya chumba anacholala. Iwe kwenye kasha la chuma lenye namba ya siri unayoijua wewe, na mwenzi wako kama naye anaruhusiwa. Kasha hilo linunuliwe siku moja na bastola, si "mwezi ujao".

Karatasi zikishakaa sawa, tuje kwenye bastola yenyewe. Kosa la kwanza la mnunuzi mpya ni kuchukua ndogo kuliko zote, na muuzaji humsukuma huko, hasa mnunuzi akiwa mwanamke. Ndogo ni rahisi kuficha, kweli. Lakini bastola nyepesi hupiga teke zaidi kwa risasi ileile, kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza. Kishikio kifupi kinakuacha na vidole viwili tu, kidole cha mwisho kinaning'inia. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma unapungua, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye shabaha. Vile vibastola vya kaliba .380 vya gramu zisizofika 300 vinapendeza mfukoni, lakini mwenye navyo hupiga risasi 20, kiganja kinauma, na hafanyi mazoezi tena. Silaha usiyoifanyia mazoezi isibebwe.

Upendeleo wangu kwa anayeanza ni kaliba ya milimita 9, kishikio cha kuingia vidole vitatu, unene mdogo. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na magazini, yaani kijaluba cha risasi kinachoingia kwenye kishikio, ya risasi 15. Inapiga kwa utulivu, lakini kwa mtu mwembamba kishikio chake kinachora umbo chini ya shati. Kumbuka, kinachokusaliti chini ya nguo ni kishikio, si mtutu. Mtutu unashuka ndani ya suruali. Glock 43X ni nyembamba zaidi na inabeba 10. SIG P365, iliyotoka 2018, nayo inabeba 10 kwenye mwili mdogo zaidi, mtutu wa milimita 79. Kati ya hizi mbili ningemwambia mwenye kiganja kikubwa achukue 43X, mwenye kiganja kidogo aende na P365. Mwenye vidole dhaifu au maumivu ya viungo aangalie Smith & Wesson Shield EZ, maana sleidi yake, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma, huvutika kwa nguvu ndogo.

Dukani, mwambie muuzaji aitoe magazini na kukuonyesha chemba, yaani tundu risasi inapokaa tayari kupigwa, ikiwa tupu, kisha angalia mwenyewe kwa jicho na kwa ncha ya kidole. Shika kishikio, mkono ukipanda hadi juu, chini kabisa ya mkia wa sleidi. Ncha ya kidole cha shahada, ile sehemu ya katikati ya alama za kidole, ifike kwenye kifyatulio bila kupindisha kifundo cha mkono. Ikifika kwenye ukucha tu, bastola ni kubwa kwako. Vuta sleidi kwa kuikumbatia na kiganja kizima kutoka juu, huku mkono mwingine ukisukuma mwili wa bastola mbele. Ukiibana kwa vidole viwili utaamini huna nguvu, kumbe ni namna tu. Jaribu mara kumi. Mara ya kumi ndiyo inayosema ukweli.

Usinunue kabla ya kukodi ya aina hiyo kwenye uwanja wa shabaha, na hapo narudi palepale: kadi ya kijani au uraia kwanza.

Ikishakuwa yako, piga risasi za mazoezi zisizopungua 200 kabla ya kuibeba, kisha 50 za aina utakayobeba. Ikikwama, usiilaumu haraka. Bastola ndogo inataka kifundo kigumu. Kifundo kikilegea, mwili wa bastola unarudi pamoja na sleidi, sleidi haimalizi safari yake, na ganda tupu linabanwa kwenye tundu la kutokea kama bomba dogo lililosimama. Kaza kifundo, rudia. Ikiendelea kukwama, badilisha magazini. Midomo yake au springi huwa ndiyo chanzo mara nyingi kuliko bastola.

Holsta, yaani ala ya bastola, iwe ngumu na ifunike kifyatulio chote. Kitambaa laini hujikunja, na pindo la kitambaa likiingia kwenye kifyatulio wakati unairudisha, risasi inafyatuka na kuingia pajani. Jaribu hivi: bastola ikiwa tupu kabisa, itie kwenye holsta, igeuze juu chini juu ya kitanda na uitikise. Isidondoke. Kisha bonyeza kwa nje pale penye kifyatulio. Kisisogee. Mkanda uwe mgumu, upana wa karibu milimita 38. Mkanda wa suruali ya kanisani utalegea kabla ya saa sita mchana. Na usibebe kwenye mkoba au begi. Begi linawekwa kwenye kiti, linaachwa chooni, mtoto analifungua, na wewe unalisahau hadi kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa safari za Marekani ilikamata bastola na bunduki zaidi ya 6,700 kwenye vituo vya ukaguzi, nyingi zikiwa na risasi ndani. Mmarekani atasema alisahau. Wewe usiwe na nafasi ya kusahau.

Jambo moja watu hawaambiwi: ukiitoa risasi ileile chembani kila usiku na kuirudisha kila asubuhi, kichwa chake kinagongwa na kuzama ndani ya ganda. Risasi iliyozama hupandisha shinikizo na inaweza kupasua bastola. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya kutoka boksi lilelile. Ikiwa fupi hata kidogo, usiitumie.

Kuhusu mipaka ya majimbo, Marekani ni kama nchi 50 zenye bendera moja. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Bruen, iliyohusu haki ya kubeba silaha hadharani, mwaka 2022 na watu wakadhani kubeba kumekuwa huru kote. Si hivyo. Kibali cha jimbo lako huenda hakitambuliki ukivuka daraja. California, New York na New Jersey zinazuia magazini za zaidi ya risasi 10, kwa hiyo ile magazini ya 15 uliyoinunua kihalali inaweza kuwa kosa ukihamia kazi mpya. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda bastola ya 10. New Jersey ina masharti yake hata kwa risasi zenye tundu kichwani. Na katika majimbo yasiyodai kibali, chukua kibali hata hivyo kama wanatoa: sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, na anayesamehewa barabarani ni mwenye leseni ya jimbo hilo. Posta usiingie nayo, wala ofisi yoyote ya serikali ya shirikisho, pamoja na ile ya uhamiaji unakokwenda kuchukuliwa alama za vidole.

Polisi akikusimamisha, zima gari, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Sema kwanza una kibali, kisha sema iko wapi, na usisogeze mkono hadi uambiwe. Philando Castile alikuwa na kibali, alimwambia askari kwamba ana silaha, na akapigwa risasi na kufa Julai 2016 huko Minnesota. Askari akaachiwa na mahakama mwaka uliofuata. Mtu mweusi mwenye bastola halali bado anaonwa na baadhi ya askari kama hatari kabla ya karatasi kusomwa. Hilo liingie kwenye hesabu yako unapoamua kama utabeba kabisa.

Mwisho, safari ya nyumbani. Bastola inabaki kwenye kasha, hakuna mjadala. Begi la kwendea shabaha lisitumike kwa safari, wala lisipewe mgeni anayerudi. Risasi ya milimita 9 hujificha kwenye pindo la zipu au chini ya ubao wa sanduku, na skana ya Nairobi au Dar es Salaam itaiona. Huko kwetu hiyo ni risasi bila leseni, na atakayeshikwa nayo ni mama. Kabla mama hajafunga sanduku ulilompa, ligeuze juu ya shuka jeupe, pitisha kidole kila mshono, kisha ligeuze tena.