Somo: Kusasisha tyuna ya lori bila kuua injini, kwa sisi wa Lubumbashi

Kila wiki napigiwa simu na wenye malori wanaopakia hapa Lubumbashi kwenda Kolwezi, au kushuka Kasumbalesa kupanga foleni ya mpaka. Swali ni lile lile: "Papa, nimenunua tyuna, nimesikia kuna programu mpya, niiweke?" Naandika somo hili moja kwa wote, kwa sababu injini ya lori ndiyo ada ya shule ya watoto wa mtu, na nimeona nyingi zikifa mapema.

Tyuna ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye plagi ya uchunguzi chini ya dashibodi. Kinaandika upya ramani zilizo ndani ya kompyuta ya injini, ile mafundi wa hapa wanayoiita kalkilatere: mazutu (dizeli) yapulizwe kiasi gani, yapulizwe lini, turbo, ile feni inayozungushwa na moshi kuingiza hewa kwenye injini, isukume kwa nguvu gani. Hakiongezi chuma chochote. Bastola, turbo, klachi na rejeta vinabaki vile vile, ila sasa vinabebeshwa zaidi. Kwa hiyo nusu ya kazi hufanyika kabla hujagusa kifaa.

Hatua ya kwanza: kagua injini kama daktari kabla ya upasuaji

Toa filta ya hewa uishike juani. Kiangazi chetu, kuanzia Mei, vumbi jekundu la njia za migodini huiziba katika safari chache. Kisha toa mpira wa kuingizia hewa kwenye turbo, injini ikiwa baridi, na utikise shafti kwa vidole viwili. Kucheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Ikisogea mbele na nyuma, au mapezi yakigusa ukuta, simama hapo. Tengeneza turbo kwanza.

Halafu mipira ya intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Hapa nawaomba msikimbie. Tyuna yangu ya kwanza niliiweka kwenye lori langu, nikapanda ramani ya juu, na gari likawa zito kuliko jana, likitoa moshi mweusi kama wa matairi yanayoungua. Nilimlaumu aliyeniuzia kifaa kwa siku nne. Siku ya tano kijana wangu wa garaji alifunga njia ya hewa, akatia upepo wa kompresa kidogo tu, bar 1, akapaka povu la sabuni kwa brashi ya rangi. Chini ya klempu ya mpira wa juu povu lilianza kuvimba, pyuu, pyuu. Ufa ulikuwa na urefu wa ukucha. Kwa nguvu za kiwandani ulikuwa umefumba. Turbo iliposukuma zaidi ulifunguka na hewa ikatoka. Mazutu yalikuwa mengi na hewa haba, ndiyo maana ya moshi ule. Mpira mpya na klempu mbili vilimaliza ugonjwa.

Soma pia makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta na uyaandike. Injini yenye kosa la zamani haipewi ramani mpya.

Hatua ya pili: fahamu hewa unayopumua

Hili wauzaji hawalisemi, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya pwani. Chukua ramani inayotaka presha ya bar 2.5 kwa jumla ndani ya injini. Pwani hewa yenyewe ina kama bar 1, basi turbo inaizidisha mara mbili na nusu. Hapa hewa ina kama bar 0.88, kwa hiyo turbo lazima iizidishe karibu mara 2.8 ili ifike pale pale. Itafika, lakini kwa kuzunguka kasi zaidi, na hewa itatoka ya moto zaidi.

Kompyuta ya kiwandani ina jedwali la kupunguza msukumo kadiri hewa inavyopungua. Faili nyingine za bei rahisi hulifuta jedwali hilo ili namba za nguvu zipendeze. Kabla ya kulipa, muulize aliyetengeneza faili: "Ulinzi wa mwinuko umeuacha?" Akibabaika, tafuta mwingine.

Hatua ya tatu: rudisha ya kiwandani, ndipo usasishe

Kama tyuna yako tayari imeandika ramani kwenye gari, usiisasishe hivyo hivyo. Nyingi za hizi hujifunga kwa namba ya chasi ya gari lako na kubeba ndani yake nakala ya faili ya kiwandani. Ukisasisha programu ikaharibika katikati, unaweza kuipoteza nakala hiyo. Kwa hiyo chomeka kifaa garini, rudisha faili ya kiwandani, washa injini uhakikishe inaunguruma kama zamani, zima. Nakili faili hiyo mara mbili, moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani. Andika pia namba ya programu ya kompyuta ya injini, maana faili ya namba nyingine haifai hata kama gari ni la aina moja.

Sasa unganisha tyuna na kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa, si ile inayotegemea waya wa ukutani. Umeme wetu mnaujua. Pakua kwanza kila kitu, kisha sasisha.

Hatua ya nne: kuandika

Lori la volti 24 likiwa limezimwa lisome volti 25 au zaidi. Liunge na chaja ya kushikilia umeme ulio sawa, kama volti 26 au 27, na usitumie ile ya kushtua gari lililokufa, kwa sababu umeme wake unarukaruka. Zima taa, redio, feni na friji ya shofere. Funguo kwenye kuwasha, injini isiwake. Bonyeza, halafu ondoa mikono. Kazi huchukua dakika kadhaa, kwa magari mengine zaidi ya 20. Mtu asifungue mlango, asiguse breki, asije kukusalimia kwa kuegemea kiti. Ikimaliza, zima, subiri dakika chache, futa makosa.

Chagua ramani ya kuvuta mzigo, ongezeko la asilimia 10 hadi 15, si ile ya mbio. Gari la tani 30 halishindani na mtu.

Hatua ya tano: majaribio, na kipimo cha joto

Usipakie siku hiyo. Zunguka mtupu, kisha na nusu ya mzigo, kisha mzigo kamili. Na usijaribu bila kipimo cha joto la moshi. Sensa yake huwekwa kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa injini, kabla ya turbo. Ukiiweka baada ya turbo utasoma joto la chini kwa digrii mia au zaidi na utajidanganya. Unapotoboa manifoldi, toa turbo kwanza ili vipande vya chuma visiingie kwenye mapezi.

Alumini huyeyuka kwenye digrii 660 hivi, na bastola nyingi ni za mchanganyiko wa alumini. Zinaokolewa na mafuta ya injini yanayorushwa chini yake na muda mfupi wa kila mlipuko. Mlima mrefu huo muda hauupi. Mimi nikiona 650 na mlima bado upo, naachia pedali na kushusha gia. Kushusha gia kunaongeza mizunguko, hewa inaingia zaidi, joto linashuka. Mfundishe shofere wako jambo hilo kabla hujampa funguo.

Maswali ya wanachama

Shofere wa njia ya Kasumbalesa: Yaya, ninaendesha Howo 371. Nitafute tyuna gani?

Mdogo wangu, inua kabini uangalie pampu ya mazutu. Howo 371 nyingi za hapa zina injini ya WD615 yenye pampu ya safu inayoendeshwa kwa gia. Hakuna kompyuta inayopima mazutu, kwa hiyo tyuna haina pa kushika. Ukiona mtu anakuuzia kisanduku cha kuchomeka kwa gari hilo, linda pesa yako. Peleka pampu na nozeli kwenye meza ya kupimia, virekebishwe. Utapata nguvu uliyokuwa umeipoteza.

Mama mwenye magari mawili, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi: Je, kweli inapunguza mazutu? Shofere anasema dashibodi inaonyesha kidogo kuliko zamani.

Mama, usiiamini dashibodi baada ya kubadilisha ramani. Namba ile huhesabiwa na kompyuta kutokana na amri zake za kupuliza, na sasa amri zimebadilishwa. Jaza tangi mpaka juu kwenye pampu ile ile, nenda Kolwezi na kurudi kwa mzigo ule ule, jaza tena, gawanya lita kwa kilomita. Fanya hivyo safari tatu kabla ya kuweka ramani na tatu baada yake. Akiba hupatikana kama shofere anapanda gia mapema kwa sababu gari lina nguvu chini. Akiitumia nguvu hiyo kukimbia, utalipa zaidi ya zamani.

Kijana wa Kamalondo: Hilux yangu ya 2.8, nimeweka ramani, nikipanda mlima inakata nguvu na taa inawaka. Nikiizima na kuiwasha inarudi.

Hiyo ni kompyuta inajilinda. Soma kosa. P0299 ni msukumo pungufu: rudi kwenye povu la sabuni. P0234 ni msukumo uliozidi: ramani ni kali mno au mapezi ya turbo yameganda kwa masizi. Usifute kosa na kuendelea. Ujue pia kwamba Toyota yenyewe ilipoipandisha injini hiyo mwaka 2020 kutoka kilowati 130 hadi 150, iligusa turbo na mfumo wa kupuliza mazutu. Haikubadilisha programu peke yake.

Fundi wa Likasi: Mteja ananiletea tyuna ya mtumba, bei nzuri. Nimshauri nini?

Kaka, ichomeke kabla hajalipa. Ikisema imefungiwa gari lingine, mwenye nayo wa kwanza lazima arudishe faili ya kiwandani kwenye gari lake ndipo ifunguke. Kama gari hilo liliuzwa au kupinduka, kifaa hicho mteja asikinunue.

Mama mwenye magari mawili: Na klachi? Ya gari langu moja ina miaka mitano.

Ijaribu hivi, mama. Gari likiwa na mzigo, gia ya juu, kasi ndogo, shofere akanyage pedali ya mazutu mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza tayari kwa nguvu za kiwandani. Badilisha klachi kwanza, tyuna isubiri mwezi ujao.