Crohn au TB ya utumbo? Hatua ninazopitia kabla ya kuandika dawa

Mgonjwa amekonda, tumbo linamsokota chini upande wa kulia, anaharisha, na ukimpapasa unakutana na uvimbe karibu na mahali pa kidole tumbo. Kolonoskopi, yaani kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, imeonyesha vidonda pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Mpaka hapo hujajua kitu. Crohn, ugonjwa wa muda mrefu ambapo kinga ya mwili huwasha na kuchubua utumbo, hupenda kukaa pale, na kifua kikuu cha utumbo hupenda palepale.

Kosa la upande mmoja si sawa na la upande wa pili. Mwenye TB ukimpa dawa za Crohn zinazotuliza kinga, yaani steroidi au dawa za kibayolojia zinazozuia TNF (protini ya kinga inayochochea uvimbe), bakteria wanaweza kutapakaa mwilini na kumuua. Mwenye Crohn ukimpa dawa za TB, anapoteza miezi, ini linaweza kudhurika, na utumbo unaendelea kujenga makovu na kusinyaa. Yote ni mabaya, ila la kwanza huua haraka zaidi. Ndiyo maana nasaka TB kwanza.

Hatua ya 1: Historia, kisha mkague mpaka chini

Homa za jioni, jasho la usiku, maji tumboni na maradhi ya miezi michache huelekea TB. Kuharisha kwa miaka kunakotulia na kurudi, choo chenye damu, vidonda vya mdomoni na maumivu ya viungo huelekea Crohn. Dalili ninayoithamini kuliko zote hizo ya Crohn ni fistula (tundu lisilo la kawaida linalotoka utumboni hadi kwenye ngozi) au jipu kando ya njia ya haja kubwa. Mgonjwa huona haya kulitaja, kwa hiyo omba ruhusa, funga pazia, uangalie mwenyewe.

Uliza kama amewahi kukaa na mtu mwenye TB, kama hunywa maziwa yasiyochemshwa, na kama anameza diklofenaki au dawa za jamii hiyo, maana nazo huchimba vidonda sehemu hiyohiyo. Pima VVU.

Hatua ya 2: Kifua

Eksirei ikionyesha TB ya mapafu, umekaribia jibu. Ikiwa safi, usiifute TB: wagonjwa wengi wa TB ya utumbo wana mapafu yasiyo na doa. Kipimo cha ngozi kikiwa chanya kinakwambia tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria. Mwenye Crohn naye anaweza kuwa amekutana nao.

Hatua ya 3: Kolonoskopi

Ingia mpaka ndani ya utumbo mwembamba, usiishie mlangoni. Vidonda vinavyozunguka utumbo kama mkanda kiunoni, vali kati ya utumbo mwembamba na mpana iliyobaki wazi kama mlango uliovunjika komeo, na sehemu chache tu zilizoathirika: hiyo ni sura ya TB. Vidonda virefu vinavyofuata urefu wa utumbo, vidonda vidogovidogo vya juujuu, ukuta wenye vinundu kama njia ya mawe, na maradhi yanayoruka sehemu zenye afya hadi kufika kwenye rektamu, mwisho wa utumbo mpana: hiyo ni Crohn. Piga picha za kila sehemu, utazihitaji baadaye.

Hatua ya 4: Vinyama, kwenye chupa mbili

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Kwa kamera hiyohiyo chukua vinyama (vipande vidogo vya kupima) visivyopungua vinane, kwenye kingo na kwenye sakafu ya vidonda, na vingine kwenye utando unaoonekana mzima. Chupa ya kwanza iwe na formalini, kwa ajili ya hadubini. Ya pili iwe na maji ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya kuotesha bakteria na kipimo cha GeneXpert, kinachosaka vinasaba vya bakteria wa TB. Formalini huua bakteria, na kilichokufa hakioti.

Wakati fulani nililetewa majibu ya kijana mmoja: granuloma (vinundu vya seli za kinga) zipo, ila hazina alama ya kuamua. Nikauliza kuhusu kuotesha, nikaambiwa vinyama vyote viliingia kwenye formalini. Ilibidi afunge tena, asafishwe tumbo tena, aingizwe kamera tena, naye alikuwa hana nguvu hata za kukaa. Tangu siku hiyo naandika lebo za chupa zote mbili kabla mgonjwa hajalala kitandani.

Hatua ya 5: Zungumza na mtaalamu wa patholojia

Usisubiri karatasi tu. Granuloma za TB huwa kubwa, mara nyingi zaidi ya mikromita 400, nyingi, zilizoungana, na katikati pengine pamekufa na kuwa kama jibini. Za Crohn huwa ndogo na za mojamoja. Ukiona ule ufu wa jibini, karibu umemaliza kazi, lakini wagonjwa wengi wa TB hawauonyeshi. Kipimo hasi cha bakteria nacho hakitoshi, kwani kwenye nyama ya utumbo bakteria huwa wachache. Kuotesha huchukua hadi wiki 6 au 8.

Hatua ya 6: CT skani

Tafuta tezi kubwa zenye kitovu kilichokufa, pamoja na maji tumboni: TB. Mishipa ya damu iliyojipanga kama meno ya kitana kando ya utumbo: Crohn.

Hatua ya 7: Dawa za majaribio, zenye tarehe ya mwisho

Bado huna jibu? Pima ini, kisha anza rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa dozi kamili, bila steroidi. Baada ya miezi 2 hadi 3, rudisha kamera. Vidonda vikiwa vimefunga, kamilisha miezi 6. Vikiwa vilevile, fikiria Crohn, TB sugu kwa dawa au limfoma (saratani ya seli za kinga), na uchukue vinyama upya. Sehemu iliyosinyaa isikuhadae: kovu hubaki hata bakteria wakifa. Aliyeziba au kutoboka utumbo ni wa daktari wa upasuaji, siku hiyohiyo.

Nafuu peke yake si ushahidi, maana hata baadhi ya wenye Crohn hujisikia vizuri wiki za mwanzo. Wengi wakipata nafuu hukataa kamera ya pili. Kwa hiyo siku ninayompa vidonge vya kwanza namwandikia tarehe ya kurudi, na kumwambia: “Hata ukijiona mzima kabisa, siku hii tutaangalia tena.”