Somo la leo: msuli uliofungwa kama mbeleko

Mama mmoja hapa Lamu alininong'oneza kuwa akikohoa ndani ya sala mkojo humtoka. Hurudi kutawadha, akianza tena ni yale yale. Wenziwe wamemwambia ndiyo desturi ya uzazi. Si desturi. Ni misuli iliyolegea, na misuli hufunzwa.

Kati ya mfupa wa kinena mbele na kifandugu nyuma pana misuli iliyotandwa kama kitanda cha kamba. Juu yake vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi (kwa mwanamke) na utumbo wa haja kubwa. Mmoja uitwao pyuborektalisi ndio ninaoupenda zaidi kuueleza. Shika mbeleko: ncha mbili zimefungwa mbele, tumbo la nguo limezunguka mgongo wa mtoto. Msuli huu umekaa vivyo hivyo. Ncha zake zimeshika kinena, nao umezunguka nyuma ya utumbo na kuuvuta mbele hadi ukapinda. Pindo hilo ndilo husaidia kuzuia choo. Ukichuchumaa, mbeleko hulegea na njia hunyooka. Kwa hiyo choo cha kuchuchumaa hakina aibu yoyote. Mwenye choo cha kukalia aweke miguu juu ya kigoda.

Sasa tufanye.

Kwanza, lala chali, kunja magoti. Jikaze kama unayezuia upepo wa tumboni usitoke, kisha vuta kuelekea mbele kama unayezuia mkojo. Utasikia kitu kinapanda ndani. Weka kiganja tumboni: tumbo litulie, makalio na mapaja pia, na usizuie pumzi.

Pili, shikilia hadi tano, achilia hadi tano. Kuachilia ni nusu ya kazi, tafadhali msiiruke. Msuli usiolegea huuma na hufunga choo. Fanya mara kumi, mara tatu kwa siku. Mimi huwaambia akina mama wafanye baada ya alfajiri, adhuhuri na isha, ili wasisahau. Ukizoea, ongeza hadi kuhesabu kumi.

Tatu, ukihisi kikohozi kinakuja, au ukitaka kuinua ndoo, jikaze kabla.

Usijizoeze kwa kukatiza mkojo chooni, maana mkojo huenda usiishe kibofuni. Na upe muda, miezi mitatu hivi.

Maswali ya wanachama

*Dada, niko Malindi, nina wiki mbili tangu nijifungue. Nianze?*
Hongera, mamangu. Kama ulijifungua kawaida na huna mpira wa mkojo, anza polepole. Ukisikia maumivu, pumzika.

*Mimi ni mwanamume. Yanihusu?*
Yakuhusu sana, kaka. Msuli huo unao, na baada ya upasuaji wa tezi dume wengi huhitaji mazoezi haya.

*Shangazi yangu alikaa na uchungu siku mbili, mtoto akafa. Tangu hapo mkojo watiririka usiku na mchana, hata akiwa amelala.*
Poleni sana, mwanangu. Hilo si la mazoezi. Mkojo usiokatika baada ya uchungu mrefu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mara nyingi hushonwa kwa upasuaji. Mpeleke hospitali wiki hii, na umwambie hana kosa lolote.