Kuifanya Nyumba Yenu Kuwa Makutano ya Vijana Wayahudi

Kijana Myahudi aliyemaliza chuo na kuhamia mji mgeni mara nyingi hukosa pa kushika: chama cha wanafunzi amekwisha kukiacha, na katika sinagogi ya jirani wengi wa rika lake ni wazazi wenye watoto wadogo. Mwaka 2006, huko Oakland, California, vijana wachache walianza kuwaalika wenzao katika nyumba waliyopanga, na hapo ukazaliwa mtandao wa Moishe House, ambao huwachangia wakazi kodi ya nyumba kwa sharti kwamba waandae mikusanyiko kila mwezi. Mnaweza kuomba ufadhili wa aina hiyo au kujitegemea. Maandalizi hayatofautiani sana.

Kwanza, wakazi wapatane kwa maandishi kuhusu vyumba vitakavyofungwa, saa ya wageni kuondoka, na nani ataosha vyombo. Mwenye nyumba na majirani waarifiwe mapema.

Jambo linaloamua ni nani atakuja na nani atabaki kwake ni jiko. Sheria za kashruti, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, zinakataza nguruwe, samaki wasio na mapezi na magamba, na kuchanganya nyama na maziwa; anayezishika kikamilifu huuliza pia habari za sufuria, tanuri na divai. Kwa maoni yangu, ni heri jiko lisiloingia nyama kabisa, kwa kuwa halihitaji seti mbili za vyombo. Hata hivyo, kuacha nyama peke yake hakutoshi: mwombeni rabi awaelekeze namna ya kutakasa tanuri na vyombo vilivyokwisha kutumika, kisha waelezeni wageni bila kuficha jiko lenu limefikia kiwango gani. Mgeni aliyeambiwa ukweli anaweza kuletewa chakula kilichofungwa chenye alama ya usimamizi wa kashruti, ilhali aliyedanganywa hatarudi.

Mkusanyiko ulio rahisi kuuanzisha ni chakula cha Ijumaa jioni, Sabato inapoanza. Mishumaa huwashwa kabla ya jua kuzama, kwa desturi ya wengi dakika 18 kabla, kwa hiyo saa hubadilika kila wiki. Wakazi waiwashe kwa wakati wake, hata kama wageni watafika baadaye wakitoka kazini. Chakula kiwekwe juu ya sahani ya moto iliyowashwa mapema, taa ya choo iachwe ikiwaka, na mtu mmoja akae karibu na mlango, kwa sababu anayeishika Sabato hatabonyeza kengele wala kupiga simu. Wekeni juisi ya zabibu kando ya divai ya kidushi (baraka ya kuikaribisha Sabato), na mchapishe baraka kwa Kiebrania, kwa herufi za Kilatini na kwa tafsiri, ili asiyezijua asilazimike kujieleza.

Siku nyingine zinaweza kuwa za kusoma Torati, kujitolea, au kucheza tu. Si lazima kila kikao kiwe ibada. Mkiwa na ua, jengeni kibanda cha Sukoti, yaani Sikukuu ya Vibanda, chenye paa la matawi, ila kisiwe chini ya roshani wala mti, maana lazima kiwe wazi kwa anga.

Anwani msiitangaze hadharani. Itumeni kwa waliojiandikisha pekee, na mtafute ushauri wa watu wanaoshughulikia usalama wa jumuiya ya Wayahudi mjini kwenu kabla ya kumkaribisha mgeni wa kwanza.