Kutafuta makala ya kitaaluma mtandaoni, hatua kwa hatua

Mfano tutakaotumia ni tasnifu kuhusu vyandarua na malaria Tanzania. Mada yako ikiwa nyingine, badilisha maneno tu. Njia ni hii hii.

Hatua ya 1: Tayarisha maneno ya kutafutia

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo usiharakishe. Chukua karatasi, andika dhana kuu za mada yako, na chini ya kila dhana orodhesha majina yake yote. Makala mengi ya afya yameandikwa kwa Kiingereza, basi tafuta kwa Kiingereza hata kama tasnifu yenyewe ni ya Kiswahili. Chandarua watafiti wanakiita kwa majina kadhaa, na ukitumia moja tu, makala yaliyotumia mengine yatakupita. Mstari wako uwe hivi:

("bed nets" OR "mosquito nets" OR ITN OR LLIN) AND malaria AND Tanzania

ITN na LLIN ni vifupisho vya Kiingereza vya chandarua chenye dawa na chandarua chenye dawa ya kudumu. OR huleta makala yenye neno lolote kati ya hayo, AND huleta yenye yote; ziandikwe kwa herufi kubwa. Alama za nukuu zinaagiza maneno yatafutwe yakiwa yamefuatana. Ukipata matokeo mengi kupita kiasi, weka jina la wilaya badala ya nchi, kwa mfano Muleba au Misungwi.

Hatua ya 2: Pitia saraka kwanza

Saraka, yaani orodha ya majarida, hupangwa na watu, na hiyo ndiyo faida yake. Fungua doaj.org (DOAJ, Directory of Open Access Journals). Saraka hii ilianzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na huorodhesha majarida yanayosomwa bure, baada ya kuyakagua. Jarida linaweza pia kuondolewa: mwaka 2016 zaidi ya majarida 3,000 yalitolewa kwa mkupuo kwa sababu hayakuomba upya baada ya vigezo kukazwa. Kwa hiyo jarida likijinadi kwamba limo DOAJ, ingia mwenyewe uhakikishe.

Kwa majarida ya Afrika, nenda AJOL (African Journals Online). Si makala yake yote ni ya bure. Angalia nyota za JPPS (Journal Publishing Practices and Standards) kwenye ukurasa wa jarida; hizo hupima jinsi jarida linavyoendeshwa, na za juu kabisa ni tatu.

Hatua ya 3: Sasa ingia kwenye injini za utafutaji

Kwa afya, tumia PubMed, hifadhidata ya bure ya makala ya afya. Bandika mstari wako kama ulivyo.

Google Scholar ina makala mengi zaidi, ila humo hakuna mhariri anayechuja: jarida zuri na la kitapeli hukaa pamoja. Halafu hupendelea makala yaliyorejelewa sana, ambayo mara nyingi ni ya zamani. Katika mada hii kosa hilo ni kubwa. Mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa za kundi la pyrethroid zinazotiwa kwenye vyandarua, na jaribio la Misungwi lililochapishwa mwaka 2022 katika The Lancet lilionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa dawa nyingine, chlorfenapyr, vinakinga vizuri zaidi kuliko vyenye pyrethroid peke yake. Ukisoma makala ya 2008 peke yake, tasnifu yako itapendekeza mambo yaliyokwisha kupitwa. Weka mwaka wa kuanzia upande wa kushoto. Usibonyeze kupanga kwa tarehe, kwa sababu hapo utaonyeshwa yaliyoongezwa ndani ya mwaka mmoja tu.

Ukishapata makala moja nzuri, bonyeza "Cited by" chini yake. Utaona walioyarejelea baadaye, wakiwemo wanaoyapinga.

Tasnifu za vyuo vyetu mara nyingi hazimo kwenye majarida. Kwenye Google ya kawaida andika mada yako, kisha site:ac.tz filetype:pdf, bila nafasi baada ya nukta mbili. Kwa Kenya ni ac.ke.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kunukuu

Chukua namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, ile inayoanza na 10, uibandike baada ya https://doi.org/. Isipofunguka, au ikifungua makala mengine, simama hapo. Marejeleo yaliyotungwa na programu za akili unde hugundulika kwa njia hii hii. Ila DOI inayofunguka haithibitishi ubora; inathibitisha tu kwamba makala yapo.

Kuna pia matapeli wanaoiba jina na ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida halisi, wakafungua tovuti yao na kutoza waandishi. Linganisha anwani ya tovuti uliyopo na ile iliyoandikwa kwenye DOAJ au ISSN Portal. Herufi moja ikitofautiana, ondoka.

Mwisho, hakikisha makala hayajafutwa. PubMed huweka tangazo juu ya makala yaliyofutwa, na hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala yaliyofutwa, ni bure.

Hatua ya 5: Kupata makala kamili

Ukidaiwa pesa, usilipe bado. Jaribu "All versions" kwenye Google Scholar, kisha kiongezi cha Unpaywall kwenye kivinjari, ambacho hutafuta nakala halali ya bure. Ikishindikana, muulize mkutubi wa chuo kama mna nywila ya Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Nywila hutolewa kwa taasisi, si kwa mtu mmoja mmoja. Au mwandikie mwandishi kwa baruapepe iliyo kwenye ikisiri, ukitaja kichwa kamili cha makala. Wengi hutuma.